Shahidi wa Kipindi cha Asubuhi

Esnath alikuwa akipanga vichane vya ndizi juu ya gunia, simu kaibana kati ya sikio na bega. Saa mbili asubuhi, sokoni Mwanjelwa, karibu kila meza ilikuwa na redio, na redio zote zilitoa sauti moja: ya Silvester, mtangazaji ambaye watu wa soko walimwamini kuliko mahubiri. Leo alikuwa anauliza nani anachafua maziwa ya Mbeya. Esnath alikuwa amepiga simu kipindini mwaka mzima bila kupata. Leo alipata.

"Karibu mama, uko hewani. Umeshuhudia nini?"

Hakuwa ameshuhudia kitu. Alitaka tu kusikika. Lakini mtu hawezi kupokelewa hewani akakosa la kusema.

"Hapa jirani yangu kuna mama wa Kisukuma, katokea Usangu, anauza mtindi. Huwa ana kimfuko cha unga."

"Unga mweupe?"

"Mweupe, ndiyo."

"Anautia kwenye maziwa?"

Unga ule ulikuwa sabuni. Mama huyo, Mbuke, aliutumia kuoshea ndoo zake jioni, na mara nyingi alimgawia Esnath naye aoshe vyombo. Lakini meza zote zilikuwa zimenyamaza, vichwa vimemgeukia, watu wanamtazama kama mtu wa maana.

"Anautia," alisema.

Saa tatu haijafika, bwana afya alikuja na mgambo wawili. Hakubeba kipimo chochote. Mgambo waliinua ndoo mbili za mtindi wakazimwaga mtaroni.

"Mmepima?" Mbuke aliuliza.

"Mama, usitufundishe kazi. Mji mzima umesikia. Na meza hii imefungwa."

Mbuke hakupiga kelele, wala hakumtazama Esnath. Hapo ndipo Esnath alipochomwa. Mwaka jana Lusekelo, mwana wa Esnath, alipolazwa kwa taifodi, Mbuke ndiye aliyemshikia Esnath meza, akamuuzia ndizi siku tatu.

Alimkimbilia bwana afya, akamfikia getini.

"Baba, nilikosea. Ile ni sabuni ya kuoshea ndoo."

"Ulisemea wapi?"

"Redioni."

"Basi kakanushie hukohuko. Mimi nimefanyia kazi malalamiko ya wananchi."

Alipiga simu mara kumi na moja. Kipindi kikikaribia kuisha, akapokelewa.

"Mimi ni yule mama wa maziwa. Nilisema uongo. Ule unga ni sabuni."

Silvester alishusha sauti kama mtu aliyeingia msibani. "Mama, uko salama hapo ulipo?"

"Niko salama, lakini—"

"Kuna mtu kakutisha?"

"Hakuna! Nasema nilidanganya mwenyewe—"

Simu ikakatwa. Sauti ya Silvester ikaendelea kwenye redio zote: "Wasikilizaji, mmesikia wenyewe anavyotetemeka. Shahidi wetu ametishwa. Hawa wafugaji wana mkono mrefu."

Esnath alirudi mezani. Mbuke alikuwa anapachika ndoo tupu moja ndani ya nyingine.

"Mama Kulwa, nimejaribu kuwaambia…"

"Nimesikia," Mbuke alisema. "Mara zote mbili nimesikia." Alijifunga kanga, akajitwisha ndoo. "Wanangu Kulwa na Doto wanasoma hapahapa mjini, Mama Lusekelo. Na walimu wao wanasikiliza redio."

Akaondoka. Watu walimpisha njia kwa upana kuliko alivyohitaji.

Baada yake walianza kuja wanawake, wengine kutoka upande wa nguo, ambao Esnath hakuwajua hata kwa sura.

"Pole dada. Usiogope, tuko na wewe. Nipe kichane kimoja."

Wa kwanza Esnath alimweleza yote, tangu sabuni mpaka mtaroni. Yule mama alimpigapiga begani, akasema, "Najua, wamekuambia useme hivyo." Wa pili naye alimweleza. Wa tatu alipofika na noti mkononi, Esnath aliinama, akachagua kichane kikubwa.

"Asante," alisema.

Adhuhuri gunia lilikuwa tupu. Tangu aanze biashara, hakuwa amewahi kuuza namna ile.