Kikopo cha Geti la Nne

Marehemu mume wangu alikuwa na mchezo ambao mimi niliuona wa watu waliokosa kazi. Mtu anaficha kikopo mahali fulani mjini, anaweka ramani kwenye simu, na wengine wanakwenda kukitafuta. Ukikipata, unaandika jina lako na tarehe kwenye karatasi iliyomo, unakirudisha, basi. Hakuna zawadi. Mtu mzima, fundi saa mwenye mvi, anainama vichakani kutafuta karatasi!

Kikopo kimoja alisema kimemshinda: cha uwanja wa mpira, geti la nne. Jumamosi sita mfululizo alirudi mikono mitupu. Ya kwanza aliondoka kimya kimya, kama kawaida yake. Kuanzia ya pili akawa anasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama watoto, twende wote leo. Wewe una jicho la fundi cherehani, utakiona."

"Nina magauni ya watu hapa," nilimjibu. "Nenda na wazimu wako."

Jumamosi ya saba hakuiona. Moyo wake ulisimama Alhamisi, kwenye meza yake ya kazi.

Watoto walikuja, wakalia, wakarudi makwao. Nyumba ikabaki na mimi na cherehani. Nilivumilia miezi miwili, halafu nikachukua simu yake nikaenda uwanjani. Nilitaka kumwandikia jina lake kwenye hiyo karatasi. Sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Siku hiyo hakukuwa na mechi. Madirisha ya tiketi yamefungwa, upepo unazungusha chupa tupu. Ramani ikanifikisha kwenye uzio wa chuma. Nikaanza kupapasa nati moja moja, mlinzi akanijia.

"Mama, umepoteza nini hapo?"

"Sindano."

"Kwenye uwanja wote huu?" Akacheka, akaenda zake. Nilitamani abaki kidogo tupige soga, hata za uongo.

Haikuchukua robo saa. Aliyeshona vifungo maisha yake yote hukijua kisicho cha seti. Nati zote zilikuwa na kutu; moja ilikuwa imepakwa rangi ya kutu. Nikaivuta, ikaachia; kumbe ndiyo kikopo chenyewe. Nyuma ina sumaku, ndani ina uwazi, na kwa ukubwa haizidi kastabini ninayovaa kidoleni nikishona. Nikachomoa kikaratasi kwa ncha ya pini, nikakikunjua juu ya goti.

Nikatafuta nafasi ya kuandika jina lake. Lilikuwepo tayari, kwa mwandiko wake mdogo wa fundi saa, na tarehe ya Jumamosi ile ya kwanza.

Nikasoma tena. Tarehe ni ile ile. Alikipata siku ya kwanza. Jumamosi tano zilizofuata alinidanganya, mwongo mkubwa yule, kwa sababu alitaka niende naye. Na kila nilipokataa alikuja hapa peke yake, hana cha kutafuta, akangoja muda upite ili arudi kuniambia kimemshinda.

Nililia pale pale kwenye uzio. Hata siku ya mazishi sikujiona mpweke namna ile.

Halafu nikatoa kalamu. Nilitaka kuandika jina langu chini ya lake, lakini hapakuwa na nafasi. Watu tisa nisiowajua walikuwa wameshaandika. Nikaandika mwisho kabisa, baada yao.