Swichi ya Ukutani

"Shika usukani, usiutingishe," alisema Rashidi, fundi wa pikipiki wa Musoma mjini. Bernado akaushika kwa mikono miwili, jicho lake likiwa kwenye kasha la chanjo alilolifunika gunia ndani ya kibanda. Kashani mlikuwa na matone ya polio na barafu ya asubuhi hiyo. Huko Kibara akina mama walikwishaanza kukusanyika zahanati, na dereva wao bado alikuwa hapa, kainama kwa fundi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kubwa, ya safari za mbali, ina masanduku mawili ubavuni. Padri mmoja aliiachia zahanati aliporudi kwao. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye swichi za usukani. Unyevu wa ziwa na vumbi la Bunda vilikuwa vimezila. Honi ilijilia yenyewe watu wakisali, taa ziliwaka zilipotaka, na swichi ya kuzimia injini ilikata moto kila gurudumu lilipoingia shimoni. Na barabara ya Kibara mashimo ndiyo yenyewe.

Wakubwa walikuwa wamefungulia biashara, wananchi wakaambiwa dhiki imekwisha. Kweli, maduka yaliyokuwa na mende watupu sasa yalijaa marashi, jinzi na redio kaseti. Swichi za pikipiki nazo zilikuja, zinang'aa kama pipi. Zahanati ilinunua seti mbili, zote zikayeyuka kabla mvua hazijaisha. Bernado alipozirudisha, mwenye duka alimwonyesha kibao tu: kikiuzwa hakirudishwi. Wizi wa mchana kweupe, na leseni imetundikwa juu ya kichwa chake!

"Hii haiyeyuki," Rashidi alisema. Alikuwa amefunga kwenye usukani swichi ya taa ya nyumba, ile nyeupe ya ukutani, na pembeni yake kitufe cha kengele ya mlango, kiwe honi. "Waya wa kwenye funguo nao umeoza, nimeuruka. Ukibonyeza chini, moto upo. Ukiinua juu, umezima. Funguo hiyo sasa ni pambo tu, Mzee Bernado."

"Na trafiki je?"

"Trafiki mwambie akuuzie nzima."

Karibu na njia panda ya Butiama Bernado alikuta kizuizi. Afande Machage, trafiki mwenye tumbo la kutangulia, aliizunguka pikipiki, akaiona ile swichi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hii nini? Umebomoa nyumba ya nani?"

"Swichi zake zimekufa, afande. Nimebeba chanjo za watoto, barafu inayeyuka."

"Nimekuuliza chanjo? Chombo kibovu barabarani ni kosa. Swichi nzima zipo madukani, siku hizi kila kitu kipo."

"Zinaungua. Tulinunuaga mara mbili, afande."

"Basi huna bahati." Machage alichomoa ufunguo, akautia mfukoni. "Kaa pale ufikiri. Ukijua cha kusema, uje."

Cha kusema kilijulikana nchi nzima, ila Bernado hakuwa nacho mfukoni. Akaomba. Akaomba tena. Aliitwa kijana, yeye mwenye wajukuu, akaitikia. Malori ya wenye nazo yalipita hayana taa hata moja, madereva wakapunga mkono, kizuizi kikainuliwa. Machage aliletewa sato wa kukaanga, akaketi kivulini kula bila haraka, ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Jua lilipolihamia kasha, Bernado alilisogeza, akasikia maji yakicheza ndani. Ndipo alipoitazama ile swichi nyeupe. Ufunguo wa nini? Hasira zikampanda, na za kwanza zilikuwa juu yake mwenyewe. Muda wote huo amelamba viatu kwa ajili ya kipande cha chuma kisichowasha kitu! Aliyeshika ufunguo ndiye mwenye chombo: ndivyo alivyozoeshwa, na alikuwa ameamini kama mtoto. Akafunga kasha kwenye kiti, akabonyeza swichi chini, akapiga kiki. Injini ikanguruma, akapenya kando ya kizuizi. Machage aligeuka na mwiba wa samaki mdomoni, akipapasa mfuko wake asielewe.

Bernado hakusimama Bunda, wala hakukwepa shimo hata moja. Kibara, Nesi Hyasinta alifungua kasha, akatumbukiza mkono. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Mzee Bernado," alisema polepole.

"Najua, nesi."

"Matone haya siwezi kumpa mtoto. Nikimtilia mdomoni, nitakuwa nimemdanganya mama yake."

Kabla hajalifunika, Landrova ya polisi iliingia uwanjani. Machage akashuka na askari wawili. "Huyo! Mtieni pingu, na pikipiki pakieni!"

Hyasinta akasimama mbele yao. "Mafuta mmetoa wapi, afande? Tangu Pasaka tunaambiwaga gari la chanjo halina mafuta, wilaya nzima hakuna. Ya kumfuata mzee huyu yamepatikana?"

"Nesi, usiingilie kazi ya serikali."

"Na hii ya kwangu ni kazi ya nani?" Aliwaonyesha akina mama waliojaa barazani na watoto wao. "Haya, waambie wewe kwamba chanjo imeharibika. Mimi siwaambii."

Bernado alikwishatiwa pingu. Barazani akainuka Boke. Kibara yote ilimjua: mwanawe wa kwanza, Nyamhanga, alipatwa na polio, sasa anatambaa na vipande vya tairi vimefungwa magotini. Wa pili alikuwa mgongoni, ameletwa kwa miguu tangu alfajiri. Boke alimfungua, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Machage, akamtia mikononi mwake kabla afande hajarudi nyuma.

"Mkamate na huyu," alisema. "Mpakie naye. Pengine huko kwenu barafu ipo."

"We mama, mchukue mtoto wako!"

Boke alikwishampa kisogo. Mtoto akaanza kulia. Machage aligeukia askari wake, nao wakatazama pembeni, na barazani mama wa pili alikuwa anafungua kanga yake ya mgongoni.