Wimbo wa Kompyuta ya Mwalimu Timoth

Hakuna mtu mwenye akili zake anayehifadhi kompyuta darini, juu ya moto wa jikoni, isipokuwa Mama Avelina wa kijiji cha Pito. Mume wake, Mwalimu Timoth, alipofariki, Mama aliifunga kompyuta ya marehemu ndani ya gunia, akaipandisha huko huko zinakokaa mbegu za ulezi. Tangu hapo moshi ukawa unaipitia kila siku.

"Mama, jamani, darini?" Flavian, mwanawe, aliuliza siku alipoletewa lile gunia kibandani kwake Chanji, mjini, anakotengeneza redio na simu.

"Mbegu zinakaa huko haziguswi na mdudu. Ulitaka niiweke wapi, uvunguni panya waikojolee?"

Flavian alilipokea gunia kwa woga. Mama alitaka kitu kimoja tu: ausikie tena wimbo ambao mashine hiyo ilikuwa ikiuimba kila ikiwashwa. Daktari alishawaambia kuwa sikio lake la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata. Hii haikuwa kazi ya kumwambia mteja njoo kesho.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kupura ulezi. Mwalimu aliuandika ndani ya kompyuta kwa namba, sauti moja baada ya nyingine, Flavian akiwa mdogo amekalia ndoo iliyopinduliwa, akimtazama. Kispika cha ndani kiliutoa kwa sauti nyembamba ya kifaranga. Na mwishoni, pale ambapo wanawake wote wa Pito huteremsha sauti, kompyuta iliipandisha.

"Hapo umekosea," Mama alisema kutoka jikoni.

"Mimi mwalimu wa hesabu," Mwalimu alijibu. "Sikosei."

Walibishana hivyo miaka na miaka, na Mwalimu hakurekebisha ng'o.

Sasa, kibandani, Flavian alifungua sanduku la kompyuta. Masizi yalikuwa yameganda kila mahali, na chini yake, ajabu, shaba ya bodi bado inang'aa. Ila kwenye kona moja betri ilikuwa imevuja. Maji yake yalikuwa yamekula vidoa vya shaba, vile ambapo juu yake miguu ya vipuri hushikizwa kwa risasi iliyoyeyushwa, ikabaki kutu ya kijani.

"Mshikaji, hiyo peleka skrepa, wakaipime kwa kilo," alisema Shamsi, jirani yake mwenye steshenari. Alikuja na kioo cha kompyuta cha kumwazima, akabaki kumcheka.

Flavian alisafisha ile kutu kwa siki, akakausha kwa spiriti. Alipoigusa bodi kwa chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, moshi ulipanda, na haukunuka risasi. Ulinuka jiko la mama yake: kuni mbichi, ugali wa ulezi, mvua inagonga bati na baba anaita watu waje wasikilize. Alimkumbuka baba vibaya sana, akausahau mkono ulioshika chuma. Alipozinduka, kidoa kizima, ambacho betri haikukigusa, kilikuwa kimebanduka na kunata kwenye ncha ya chuma. Alijitukana kwa Kifipa. Shamsi naye akaacha kucheka.

Ikabidi atengeneze njia mpya. Alifumua koili ya redio mbovu, akatoa uzi wa shaba mwembamba kama unywele. Akaukwangua, akaulaza pale kidoa kilipokuwa, akauunga na mstari wake, kisha akaushikiza kwa gundi. Ukafuata uzi mwingine, na mwingine. Machozi yalimtoka, na tusiulaumu moshi peke yake. Mwisho akaweka betri mpya.

Mama alikuja Jumapili baada ya misa. Flavian alimpa shikamoo, akamkalisha sikio la kulia likielekea kwenye mashine, akabonyeza swichi. Diski ikakoroma, ikanyamaza. Halafu kile kifaranga kikaanza kuimba, na Mama akaanza kutikisa kichwa taratibu, midomo ikifuata maneno. Wimbo ukafika mwisho, sauti ikapanda.

"Hapo umekosea!" Mama alisema kwa nguvu, kidole kimeielekea bodi.

Alisubiri kidogo, kama alivyozoea kumsubiri Mwalimu ajibu. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hiyo sauti naweza kuirekebisha, mama," Flavian alisema karibu na sikio lake. "Ni namba moja tu."

"Iguse uone!" Mama akang'aka. "Washa tena, nimgombeze baba yako wakati bado nasikia."