Visanduku Kando ya Vitanda

Zilibaki dakika kumi na tano majaji waingie, na Wiebke Harmsen alikuwa bado hajavaa joho lake. Alilikunja mkononi, akamfuata mteja wake hadi benchi la mwisho la ukumbi wa mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani.

Miaka ishirini na sita alikuwa akipigania hataza, yaani haki za watu juu ya vitu walivyobuni: vifuniko vya chupa, vifuta vioo vya magari, bawaba za masanduku. Ila siku hizi moyo wake ulikuwa umehamia kwingine. Kila Jumamosi alikaa na kamati ya kujitolea iliyoishauri serikali juu ya usalama wa mitandao, na ofisini walimtania kwa kumwita Waziri wa Nywila.

Mteja wake, Tjark Brodersen, fundi wa miaka sabini na tisa kutoka pwani ya kaskazini, alikuwa anakula mkate wa jibini.

"Chukua kipande, Bi Harmsen. Uso umekupauka. Kwani leo tunashindwa?"

"Tunashinda, Bwana Brodersen. Hilo ndilo linaloninyima raha."

Mzee aliacha kutafuna.

Alikuwa amebuni kisanduku kinachokaa kando ya kitanda, kikiusikiliza moyo wa mgonjwa na kumpasha habari daktari. Kampuni moja ilikiiga ikauza. Leo Wiebke angesimama na kusoma ombi kwamba kampuni hiyo isikiguse tena, wala programu yake. Likishasomwa, kulibadilisha ni kazi.

"Programu hiyo inarekebishwa kila mwezi," alisema Wiebke, "kuziba matundu wanamopenya wezi wa mitandao. Tukiwafungia kila kitu, hawataziba hata tundu moja. Wagonjwa elfu kumi na moja watalala na mlango wazi."

"Umelijua lini hili?"

"Jana. Ombi nililiandika mwenyewe, kwa mazoea. Maneno yaleyale ya vifuniko vya chupa. Nisamehe."

"Kwa hiyo wewe ni wakili wangu au wakili wao?"

"Wako. Ukisema nilisome lilivyo, nitalisoma lilivyo, bila kumung'unya neno. Lakini kukuficha siwezi."

"Waliniibia!" Makombo yaliruka. "Miaka tisa nawaandikia barua, hata 'tumepokea' hawasemi."

"Najua. Na hawatauza tena hata kimoja. Nazungumzia vile vilivyokwisha kuingia majumbani tu."

Brodersen alitazama mikono yake.

"Cha kwanza nilimtengenezea mke wangu. Nilikiunda ndani ya bakuli la siagi. Gesche alikuwa akisema, 'Tjark, hiki kidude kinanisikiliza kuliko wewe.'" Alicheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Mtu angeweza kukiingilia? Kile cha Gesche?"

"Kile hapana. Hakikuwa na mtandao."

"Na hivi vya sasa?"

"Hivi, ndiyo."

Wiebke alijua hoja kumi za kumsukuma, akazimeza zote, akaketi karibu naye mpaka mabega yao yakagusana.

Karani alifungua mlango, akaita shauri lao.

"Lete karatasi," mzee alisema, akijipangusa vidole kwenye suruali. Aliandika kwa herufi za mraba, kama anayechora mashine: *Isipokuwa marekebisho ya usalama kwa visanduku vilivyoko kwa wagonjwa, maadamu kuna hata mmoja anayekitumia.*

"Hakuna maneno ya kisheria hapo," alisema kwa aibu.

"Hayahitajiki," Wiebke alijibu.

Alivaa joho, akasimama mbele ya majaji watatu, akasoma ombi lote pamoja na sentensi ile. Wakili wa upande wa pili, aliyejiandaa kupigana saa nzima juu ya jambo hilohilo, aliinua kichwa na kusahau kukiteremsha.

"Mdai anathibitisha?" aliuliza jaji kiongozi.

Wiebke ndiye aliyepaswa kujibu. Lakini mzee alikuwa amekwisha kusimama, kaishika meza kwa mikono miwili.

"Nathibitisha, Mheshimiwa. Na wakishindwa kurekebisha, waniite. Anwani yangu wanayo."

Hata majaji walitabasamu. Wiebke aliweka mkono chini ya kiwiko cha mzee, akamkalisha taratibu, na hakuuondoa.