Sahani ya Msoma Habari

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe nane Juni, msoma habari akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Mwenyekiti wa mtaa, Stanslaus, aliingia kwa Masele pale Nyasubi bila hodi, akaiona sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mbele ya televisheni.

“Ya nani hiyo?”

“Ya huyo anayesoma habari.”

Masele hakuona ajabu. Utotoni Kishapu, baba yake alikuwa akiwasha televisheni kwa betri ya gari kila Jumapili jioni, na msoma habari alipowakodolea macho wakila, mzee aliona aibu. Mtu anakutazama unatafuna, humkaribishi? Tangu hapo watoto walimwamkia shikamoo, mama akampakulia, na habari zikiisha akamshukuru: “Wabeja!” Masele alipooa aliendeleza mila hiyo. Mkewe, Philomena, alimcheka, kisha akawa anapitisha mkono kimyakimya na kuimaliza sahani. Nyumba nzima ilijua. Tangu azikwe, michembe ililala pale pale, asubuhi wakala kuku.

“Mgeni huyu umemripoti?” Stanslaus aliuliza.

“Mwenyekiti, huyo yuko Dar es Salaam.”

“Sasa sebuleni kwako amefikaje?”

Viongozi bwana! Bomba halitoi maji tangu masika, hawalioni. Sahani ya michembe wameiona! Mgambo wawili wakaibeba televisheni hadi ofisi ya mtaa, ikae huko mpaka mgeni ajieleze.

Masele hakulilia televisheni. Alimlilia Vumilia, bintiye, aliyekuwa akilelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi alimruhusu kuja Jumapili tu, kwa sababu kwake hakuna televisheni. “Isipokuwepo, mtoto anafuata nini kwako?” alishasema. “Kuta?”

Jumapili iliyofuata Vumilia alikuta meza tupu. Hakuuliza mengi. Alipakua michembe, wakaongozana ofisini.

Wajumbe wote wa mtaa walikuwa wameketi kuikabili televisheni. Umeme ulikatika tangu Ijumaa. Kioo kilikuwa cheusi ti.

“Mjeuri huyu,” Stanslaus alinong’ona. “Tunamhoji, kanyamaza.”

“Pengine ana njaa,” mjumbe mmoja, Mama Zipora, akasema. “Wiki nzima mmempa nini?”

Wajumbe wakatazamana kwa haya. Vumilia akapiga goti mbele ya kioo. “Shikamoo.” Akatua sahani.

“Tutoke,” akaamua Stanslaus. “Mgeni hali huku serikali inamkodolea macho.”

Wakatoka wote. Stanslaus akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Dirisha lilikuwa na nondo, na wavu ambao hata panya asingepenya. Walisimama uani wakibishana kama mgeni anapendelea michembe au ugali, mpaka Mama Zipora akasema sasa atakuwa ameshiba.

Mlango ulipofunguliwa, sahani ilikuwa nyeupe, imefutwa kwa kidole.

Stanslaus alirudi kinyumenyume. “Mzee Masele, ondoka na mgeni wako. Leo hii!”

Masele akaikumbatia televisheni. Vumilia alibeba sahani, akaigeuza, akaichungulia. Kisha akacheka, kicheko ambacho baba yake hakuwa amekisikia tangu msiba.

“Wabeja!” akaliambia giza la ofisi. Halafu akamgeukia Masele.

“Baba, nyumbani alikuwa anakula mama. Hapa amekula nani?”