Dawa ya Mikono Miwili

Mbuzi wa nne alikufa Jumatano asubuhi, na Zipora ndiye aliyempasua. Alikuwa mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa tatu, amerudi nyumbani Mpwapwa mwaka huo wa 1994 kwa mafunzo ya vitendo katika maabara moja ya mifugo. Shangazi yake, Evelina, alitaka kujua kinachomuua mbuzi aliyenyweshwa dawa ya minyoo wiki mbili tu zilizopita. Kisu kilipofika tumbo la nne, lile la mwisho kabla ya utumbo, minyoo ikamwagika kwa mamia, myembamba kama nyuzi, myekundu kwa damu iliyonyonya, mingine bado ikijinyonganyonga. Zipora aligeuka pembeni akatapika uji wote.

Shangazi hakumlaumu. Alisema tu kwamba dawa ilikuwa ile ile aliyoisifu Zipora mwenyewe.

Ilikuwa kweli. Serikali ilikuwa imeacha kugawa dawa za mifugo, na maduka ya watu binafsi yakachipuka karibu na stendi. Likizo iliyopita Zipora alisoma lebo ya kopo la levamisoli, dawa ya minyoo, katika duka mojawapo, akafurahi kukutana na kitu alichofundishwa darasani. Muhula mzima alikuwa amechora mishale ya jinsi elektroni zinavyohama, na kujifunza jinsi ya kuilazimisha molekuli itoke na umbo la upande mmoja tu. Akawaeleza shangazi na majirani kwamba molekuli nyingine huja jozi kama mikono: vidole vile vile, lakini mkono wa kulia hauingii glavu ya kushoto. Mnyoo huuawa na ule wa kushoto. Wa kulia hauna kazi. Dawa hii, aliwaambia, ni ya kushoto tupu. Walinunua kwa sababu yake.

Maabara ilikuwa na polarimita ya zamani, bomba la shaba lenye taa ya njano. Mwanga ukipita kwenye dawa ya mkono mmoja hugeuka. Mikono miwili ikichanganywa nusu kwa nusu, mmoja huvuta kulia, mwingine kushoto, na mwanga hutoka ulivyoingia. Zipora alianza na maji ya sukari ili aijaribu mashine. Mwanga uligeuka vizuri. Kisha akayeyusha unga wa kopo la shangazi. Sifuri. Alirudia mara tano, macho yakamuuma. Sifuri.

Alimpelekea matokeo Bwana Optatus, mkuu wa maabara na msimamizi wake, akamkuta ofisini anakula mbavu za mbuzi. Alimwamkia shikamoo, akaitikia mdomo ukiwa umejaa. Aliichukua karatasi kwa vidole vyenye mafuta, akaisoma hadi chini, na hakushangaa hata kidogo.

"Kitabu kinasema ngapi?" Optatus akauliza.

"Hasi mia moja ishirini na nne."

"Basi andika hiyo. Mashine imezeeka."

Zipora akamwambia kuwa sukari ilisomeka sawasawa. Optatus alitafuna mfupa polepole, kisha akaeleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba kutengeneza mchanganyiko ni rahisi, kazi ni kuitenganisha mikono. Kwa hiyo unga unakuja ulivyo, na lebo inabandikwa hapa hapa.

"Mbuzi hawasomi lebo," alisema.

Ndipo Zipora akakumbuka kuwa muuzaji wa duka lile ni Anitha, mke wa huyu huyu Optatus.

Aliandika sifuri. Optatus akakataa kutia sahihi, na bila sahihi mafunzo yake hayakuhesabiwa; aliyarudia mwaka uliofuata, mahali pengine. Alikwenda pia kwa ofisa mmoja wa wilaya, aliyemsikiliza vizuri, akamwambia alete barua kutoka kwa mkuu wa maabara.

Mbuzi ishirini na watatu walikuwa wamebaki, na videvu vya sita kati yao vilishaanza kuvimba kwa minyoo. Alipanda basi hadi Dodoma mjini kutafuta dawa nyingine, akakuta makopo yale yale yenye lebo ile ile, imebandikwa kombo. Njia nzima ya kurudi alipiga hesabu. Kama nusu ndiyo inayofanya kazi, dozi lazima iwe maradufu. Lakini mkono wa kulia, usiomdhuru mnyoo, unaweza kumdhuru mbuzi, kwa hiyo kila mmoja lazima apimwe uzito, hata yule mdogo kabisa.

Basi akaenda kununua kwa Anitha, makopo mara mbili ya yale ya mwanzo. Anitha alimwita mdogo wangu, akamuuliza habari za masomo, akamfungia mzigo kwa gazeti. Zipora akajisikia akisema asante dada, na neno hilo likambaki mdomoni kama nyongo.

Waliwapima mbuzi kwa mizani ya kuning'iniza, mmoja mmoja. Baada ya kunyweshwa walitokwa na udenda na kutetemeka. Mmoja alilala chini hadi jioni. Kesho yake wote walisimama, na samadi yao ilijaa minyoo iliyokufa. Shangazi alifurahi sana. Kabla Zipora hajanawa, habari ilishavuka ua: dawa inafaa, ila uongeze.

Abeli, jirani wa upande wa pili, alikuja akiwa na makopo mawili mapya mkononi. Zipora alimweleza yote, unga, lebo, Optatus na mkewe. Abeli aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Kwa hiyo ni mara mbili," alisema. "Au tatu, kwa wakubwa?"

Zipora alichukua mizani akamfuata, asije akaua mbuzi kwa kukisia. Wiki nzima alikwenda boma kwa boma, nguo zikinuka udenda na samadi, akiwapimia watu dawa aliyoichukia.