Somo la Nyumbani

Msusi alikuwa na mdomo, hilo hata maadui zake hawakumnyima. Ungeingia saluni kwake umenuna, ndoa imekukaa kichwani, ukitoka umesukwa, umecheka mpaka mbavu zinauma, na mumeo keshachambuliwa kama karanga. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga: kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti vitatu, rafu ya makopo na chupa za dawa za nywele, na pazia la maua lililotenganisha kazi na chumba cha nyuma alikolala yeye na binti yake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na akifika nyumbani hupikiwa kama mgeni.

Kwa mdomo huo, siku ya kikao cha wazazi shuleni, wenzake walimtegemea. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba kuanzia muhula unaofuata watoto wa madarasa ya juu watafundishwa somo la afya ya uzazi, lote, si nusunusu, na kila mtoto atalisoma. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Akasimama mwalimu wa sayansi, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, akaeleza: mwili unavyobadilika, mimba inavyotungwa, magonjwa yanavyokingwa, na jinsi mtoto anavyoweza kumkatalia hata mtu mzima anayemheshimu. Akamalizia kwamba wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Shingo zikageuka kumtafuta Msusi. Naye hakukawia kusimama.

"Mwalimu, sisi tulizaa bila kufundishwa," alisema. "Hata wewe hapo ulipo, mama yako hakukupata kitabuni."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu mwenyewe alificha meno kwa mkono.

"Paka hata usipomwonyesha maziwa, anayatafuta. Je, ukimwonyesha? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo tunavyojua. Na mama zao tupo, hatujafa. Haya ni mambo ya nyumbani, tuachieni wenyewe."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Mwalimu wa sayansi alingoja yatulie, kisha akauliza kwa upole, "Sawa, mama. Utamfundisha lini?"

"Siku yake ikifika," Msusi akajibu, na watu wakacheka tena. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kupenda amani kuliko ukweli. Alisema wanaokataa wanyooshe mikono, na mikono ikawa msitu. Somo likafa palepale.

Tusizungukane: kicheko kile alikuja kukilipia mtoto. Lakini siku ile nani angemnyooshea Msusi kidole? Alimpenda binti yake kupita kiasi. Alikuwa akimlinda, na alitoka ukumbini akijiona ameokoa watoto wa mtaa mzima.

Binti huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa hakuwa akinyamaza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, na maswali yasiyoisha. Kwa nini nywele zikioshwa zinajikunja? Kwa nini mtu akizeeka hafupiki masikio? Mama yake alimjibu alipoweza, na aliposhindwa alimtuma dukani. Ila kulikuwa na jambo moja pale saluni ambalo Chiriku alilizoea tangu utotoni. Wanawake wakiwa wamekolea kwenye mazungumzo, wanataja vitanda na waume kwa majina, yeye akisogeza pazia tu, mmoja husema, "Nyamazeni, kuna mtoto." Basi wanawake wazima, wenye watoto watano watano, wanakohoa na kuanza kuzungumzia bei ya sabuni.

Siku ilipofika, ilifika asubuhi, mtoto yuko chooni analia. Msusi alimfuta machozi, akampa pedi, akamwonyesha zinavyovaliwa. Alimkumbatia pia, tusimnyime haki yake. Kisha akamkazia macho.

"Sasa umekuwa mtu mzima. Mwanaume akikugusa tu, una mimba. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Akigusa wapi?"

"Ukikua utajua. Nenda kaoshe vyombo."

Hilo ndilo somo la nyumbani. Lilianza hapo na likaishia hapo, mama akarudi kwa mteja aliyekuwa ameachwa nusu kichwa. Hivyohivyo aliambiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake, na wote walizaa. Alijiambia iliyobaki atamweleza pole pole, kazi zikipungua. Kazi za saluni zinapungua lini?

Msimu wa mvua Chiriku alinyamaza. Chakula alikichokonoa, shuleni alienda akiburuta miguu, na mara mbili mama yake alimkuta amesimama mbele ya kioo cha saluni ameshika tumbo. Alimuuliza ana nini. Mtoto akasema hana kitu. Msusi alimlalamikia rafiki yake, muuza mitumba, aliyekuja kila wiki kusukwa na kumwaga habari za mjini.

"Umri huo, shoga," muuza mitumba alimwambia. "Wanavimba vichwa. Mwache, utapita."

Ni muuza mitumba huyohuyo aliyeleta siku ile kisa cha msichana mmoja wa mtaa wa pili, aliyepata mimba akaogopa kwao. Alikisimulia kwa sauti ya chini, na saluni nzima ikainama kumsikiliza, Msusi mwenyewe kashika chanuo hewani. "Akaenda akabugia dawa za nywele, jamani. Chupa nzima. Na ikatoka kweli."

Pazia likatikisika. "Nyamazeni, kuna mtoto," Msusi akasema.

Chiriku alikuwa amesimama pale na ndoo mkononi. Mama yake alimtuma uzi, upesi, na aende duka la mbali kwa sababu la karibu halina rangi nzuri. Alipokwisha kutoka, muuza mitumba alimalizia kisa chake: msichana naye hakukaa, alizikwa wiki ileile. Wanawake wakasikitika, wakasema dunia imekwisha, wakaendelea kusukwa.

Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, redio inaimba, Msusi aliposikia mtu akitapika nyuma ya pazia. Alisema kwa sauti kwamba ni yale maandazi ya jana. Kisha akasikia kitu kikianguka. Alimkuta Chiriku chini kando ya kitanda, midomo imebabuka, chupa tupu imelala pembeni. Wateja ndio waliombeba, wengine na nywele nusu zimefumuliwa, wakasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitalini walimchukua ndani wakamwacha mama kwenye benchi. Alikaa akisugua mafuta ya nywele yaliyobaki vidoleni, akijiuliza nani amemfanyia mtoto wake nini. Mama mkwe wake alifika na chupa ya chai na kanga, akakaa bila kuuliza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kimya chake Msusi alikiogopa tangu alipoolewa.

Daktari alipotoka alimwita pembeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, binti yako ameniambia alikunywa ili atoe mimba."

Msusi akatupa jicho kwenye benchi, aone kama mama mkwe amesikia.

"Tumempima. Hana mimba. Hajawahi kuwa nayo, na hajawahi kulala na mwanaume."

Furaha iliyompata Msusi hapo ilikuwa kubwa, na ni aibu kuisema. Roho yake iliruka. Mtoto hajamwaibisha. Aligeuka kumtazama mama mkwe kule kwenye benchi, akataka kukimbia kumwambia kwamba binti yao ni mzima, ni msafi, hakuna aliyemharibu. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo kumshukuru Mungu.

"Sasa mbona alidhani..." aliuliza.

"Nilimuuliza ni nani. Akasema ni mvulana wa darasani. Mvua ilijaza mtaro, mvulana akamshika mkono kumvusha, wakateleza, akamwangukia kifuani. Basi. Halafu mwezi uliofuata hakuona siku zake, na mwezi wa pili hakuona." Daktari akapumua. "Wasichana wa umri huu siku zao hurukaruka, mama. Ni kawaida kabisa. Hakuna aliyewahi kumwambia?"

Daktari akamweleza yaliyobaki kwa sauti ileile: koo limeungua, figo zimegoma, wanafanya wanaloweza, na asitegemee sana. Akamshika kiwiko, akarudi wodini. Ile furaha ilikuwa bado haijamtoka Msusi kifuani, na sasa hakujua aipeleke wapi.

Jioni alikuja mwalimu wa sayansi. Msusi alipomwona kwenye korido alitamani apigwe, atukanwe, asutwe mbele za watu. Mwalimu hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa kwenye benchi akaanza kulia kabla hajasema neno.

"Alinijia," alisema. "Aliniuliza kama mtu anaweza kupata mimba bila kujua. Nilimwona kabisa ana hofu. Nikamwambia akamuulize mama yake."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Si ndivyo mlivyotuagiza?" Alisema bila hasira. "Niliogopa kazi yangu, mama. Niliogopa mtasimama tena mkanicheka."

Wakakaa bega kwa bega, wanawake wawili waliojua, kila mmoja alikuwa ameulizwa, na kila mmoja alimsukumia mwenzake.

Asubuhi yake walimruhusu kukaa kitandani pa mtoto. Chiriku alikuwa amevimba uso, mrija puani, lakini macho yalikuwa yaleyale. Aliongea kwa kukwaruza, na ilibidi Msusi ainame sikio likaribie mdomo.

"Mama, imetoka?"

"Haikuwepo, mwanangu. Daktari amepima. Hukuwa na mimba."

"Alinishika."

"Kushikwa mkono si kitu. Hukufanya kosa lolote."

Chiriku alifunga macho, akayafungua. Alikuwa anafikiri; mama yake aliujua uso ule.

"Sasa huwa inaingiaje?"

Hapo ndipo. Msusi alivuta pumzi ili amjibu. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda akimimina chai, na kitanda cha jirani kilikuwa na mzee amekuja kumwangalia mkewe pamoja na vijana wake wawili wa kiume, na nesi alikuwa anapita na toroli. Maneno aliyoyasema mchana kutwa kwa miaka, akiyarusha kama njugu kwa wateja, yalimkwama.

"Ukipona nitakueleza," alisema.

"Kweli?"

"Kweli."

"Yote?"

"Yote, mama yangu. Pumzika kwanza."

"Haya," Chiriku akasema, akatulia, kwa kuwa mama yake hakuwa na tabia ya kuvunja ahadi.

Alikufa mchana wa siku hiyo, mama yake amekwenda kumpigia baba yake simu, lori liko mbali huko porini na mtandao unakatikakatika. Aliporudi alikuta pazia la kitanda limevutwa.

Kwenye chumba cha maiti mama mkwe alisema watamwosha pamoja. Msusi akamwomba amwachie dakika chache peke yake. Yule bibi alimtazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama nje na mhudumu.

Msusi alimfunua mtoto uso. Nywele zilikuwa zimefumuka upande mmoja, akazilaza kwa vidole. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu kama anavyokaa kwa mteja, akaanza. Alianza kwa kunong'ona, na alipofika katikati sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alimweleza damu inatoka wapi na kwa nini inaruka miezi. Alimweleza mwanaume alivyo na mwanamke alivyo, akataja kila kiungo kwa jina lake. Alimweleza mimba inaingiaje, na isivyoweza kuingia kwa mkono wala kwa kifua wala kwa kuvushwa mtaro. Alimweleza inavyozuiwa. Alimwambia kwamba hata angekuwa nayo kweli, hata angekuwa nayo kwa makosa, angekuja kwake tu, angepiga kelele kidogo halafu wangekaa chini.

Hakuona aibu hata kidogo. Na yote hayo, aliyoyaahirisha miezi na miezi, aliyoyazuia kwa mtaa mzima, hayakuchukua hata muda wa chai kuchemka. Alipomaliza aliinama sikioni kwa mtoto, akamuuliza kama ameelewa.